Mwiba wa Nungunungu Usikatwe

Aliyeishi karibu na mashamba ya mihogo na mahindi huenda amewahi kumwona mbwa akirejea alfajiri huku miiba ya nungunungu imemjaa usoni na kifuani. Wengi wetu hukimbilia mkasi. Husemwa kwamba mwiba umejaa hewa, na kwamba ukikatwa hewa hutoka, mwiba ukanywea na kuchomoka kwa urahisi. Ndivyo alivyofanyiwa mbwa wa jirani yetu nilipokuwa kijana. Majuma machache baadaye jipu lilimtokea nyuma ya bega, na mbwa yule hakupona.

Mwiba wa nungunungu ni unywele uliokomaa ukawa mgumu. Umejengwa kwa kiratini, kitu kile kile kinachojenga kucha zetu. Ndani yake hamna hewa iliyobanwa kama ya mpira, bali mna kiini chenye vijitundu vingi mfano wa sifongo. Kwa hiyo ukiukata haunywei. Unachopata ni kigutu kilichopasuka, kisichoshikika, ambacho ni rahisi kuzama nyamani.

Imani nyingine ni kwamba mnyama huyu hurusha miiba kama mishale. Hata Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, aliiandika. Ukweli ni kwamba nungunungu akitishwa husimamisha miiba, hutikisa ile ya mkiani iliyo wazi ndani hadi ikalia, hupiga miguu chini, kisha humrudia adui kinyumenyume kwa ghafla. Miiba haikushikamana sana na ngozi yake, hivyo hubaki mwilini mwa mbwa. Ile mirefu inayopendwa kwa mapambo si ya kuogopwa sana. Inayojeruhi vibaya ni mifupi na minene ya nyuma.

Hapa yafaa tahadhari, kwani maelezo mengi ya tiba hii yametoka Amerika ya Kaskazini. Nungunungu wa huko ni wa jamii nyingine, na ncha za miiba yake zina vijino vidogo vinavyong'ang'ania nyama. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulionyesha hivyo kwa vipimo. Mwiba wa nungunungu wetu ni laini nchani. Hutoka kwa urahisi zaidi, lakini huingia ndani mno kama mkuki, ukiandamana na uchafu.

Mbwa azuiwe kujikuna, maana hapo ndipo miiba huvunjika, naye apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Uchunguzi wa mbwa 296 huko Saskatchewan, Kanada, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kuwa matatizo yaliongezeka kwa waliocheleweshwa zaidi ya saa 24. Daktari humlaza kwa nusukaputi, kisha hupapasa mwili mzima na kukagua kinywa.

Ikiwa daktari yuko mbali, na miiba ni michache katika ngozi ya mguu au shingo, mtu mmoja amshike mbwa kwa nguvu (hata mbwa mpole huuma akiumia) na mwingine aubane mwiba kwa koleo karibu na ngozi, auvute moja kwa moja bila kuupinda. Ulioingia kifuani, tumboni, kwenye kiungo au karibu na jicho usiguswe. Jeraha lioshwe kwa maji safi yenye chumvi kidogo.

Kwa majuma kadhaa mbwa atazamwe: uvimbe, kuchechemea au kuhema kwa shida huweza kumaanisha kuwa kipande kilichosalia kinasafiri, kikisukumwa na misuli, na hapo arudishwe kwa daktari bila kungoja.