MBAO NENE ZINAPASUKA: TUZIKAUSHE POLEPOLE



Mwezi huu tuongee juu ya mbao. Baba mmoja aliweka akiba kidogo kidogo, akanunua mbao tatu nene za mkaratusi za kutengenezea kitanda. Akazilaza juani ili zikauke haraka. Siku ya nne, paa! Ncha zote zimefunguka. Akaenda kwa fundi mzee.

"Mzee, wameniuzia mbao mbaya."

"Hapana, mwanangu. Mbao zilikuwa nzuri. Jua ndilo limekula pesa yako."

KWA NINI ZINAPASUKA?

Mti uliokatwa leo umejaa maji. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, ubao unaanza kusinyaa. Ubao mwembamba unakauka nje na ndani karibu pamoja. Lakini ubao wa sentimita 5 na zaidi, ngozi yake inasinyaa wakati tumbo bado limejaa maji. Ni kama kumvalisha baba mnene shati la mtoto: lazima lichanike.

Tena maji yanatoka kwenye ncha zaidi ya mara 10 kuliko ubavuni. Ndiyo maana mpasuko unaanzia pale. Na mkaratusi una mvutano wake tangu ungali umesimama shambani. Unaweza kupasuka siku ileile ya kukatwa.

TUFANYE NINI?

1. Paka ncha siku ileile, kwa rangi ya mafuta iliyobaki au nta ya mishumaa. Nta iyeyushwe ndani ya kopo lililowekwa kwenye maji ya moto, nje, mbali na shitingi na watoto.

2. Mwambie mpasuaji aondoe kiini cha mti. Ubao wenye kiini katikati ni vigumu sana kuponyoka.

3. Inua mbao kutoka chini, kufika magotini. Mawe ya volkano hapa hayakosekani. Yapange yawe sawa.

4. Kati ya ubao na ubao weka vipande vyembamba vya mti mkavu, unene wa sentimita 2, kila nusu mita, na viwili karibu kabisa na ncha. Vya juu visimame sawasawa juu ya vya chini, la sivyo ubao utapinda.

5. Funika juu tu, ubavu ubaki wazi. Ukizungushia shitingi pande zote, ukungu utaingia. Weka mawe mazito juu. Kiangazi cha Juni hadi Agosti, tundika magunia upande wa upepo kwa wiki za kwanza.

MUDA GANI?

Mafundi wa nchi nyingi wanahesabu mwaka 1 kwa kila sentimita 2.5 za unene. Ili kujua kweli, kata kipande kimoja, paka ncha zake, kiweke pamoja na zile mbao, ukipime kwenye mizani kila wiki. Kikiacha kupungua wiki nne mfululizo, na si wakati wa mvua, mbao ziko tayari.

Najua mtasema: "Miaka miwili! Nani anajua tutakuwa wapi?" Ni kweli. Basi anayehitaji kitanda sasa anunue mbao za sentimita 2.5, ambazo zikipangwa vizuri zinakauka kwa miezi, kisha aunganishe mbili kwa gundi na misumari apate mguu mnene. Na vijana wanaojifunza useremala waanze rundo moja la pamoja, kila mmoja na ubao wake. Ulioingia kwanza, utoke kwanza.

Wale tunaotoka Goma tunazijua nyumba za mbao zilizojengwa juu ya lava baada ya Nyiragongo kulipuka Januari 2002. Ile iliyopigiliwa ikiwa mbichi, kiangazi kikipita, upepo unaingia mpaka kitandani. Kujenga upya kutatungoja tena. Na ubao mkavu ni mwepesi kubeba: hata tukihama, kazi yetu tunaondoka nayo.

Tuonane mwezi ujao!