Je, Kutoa ni Moyo Pekee? Changamoto za Kudumisha Vikosi vya Zimamoto vya Kujitolea Mashambani: Mfano wa Marekani

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii hutajwa katika harambee, katika maabadi na katika mikutano ya kijiji ili kuwakumbusha watu kwamba hata maskini ana cha kutoa maadamu ana nia njema. Hata hivyo, yafaa kuulizwa: je, moyo hutosha pale ambapo kinachotolewa si shilingi wala debe la mahindi, bali ni usingizi wa mtu, misuli yake na saa zake, kwa muda wa miaka ishirini au thelathini?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuangazia vikosi vya zimamoto vya kujitolea katika sehemu za mashambani nchini Marekani. Vikosi hivyo ni miongoni mwa mifano mikubwa zaidi duniani ya ujima unaotegemewa katika mambo ya uhai na mauti, na kwa miaka arubaini hivi vimekuwa vikidhoofika. Makala yanadai kwamba kilichopungua kwanza si ukarimu wa watu. Kilichopungua ni mazingira yaliyowawezesha watu kuwa wakarimu: wakati, kazi iliyo karibu na nyumbani, na vijana wanaobaki kijijini.

Dhana ya kujitolea

Ni vyema kuanza na neno lenyewe. Kitenzi 'toa' kikinyambuliwa katika kauli ya kutendea huzaa 'tolea'. Nacho 'tolea' kikitanguliwa na kiambishi 'ji' cha kujirejelea huzaa 'jitolea'. Katika umbo hili mtenda na mtendwa ni mmoja, kwa maana kwamba anayetoa ndiye huyo huyo anayetolewa. Mtu anayechanga pesa hubaki na nafsi yake nzima. Anayejitolea hugawa nafsi hiyo.

Neno 'zimamoto' nalo lina historia yake katika Afrika Mashariki. Wakati wa ukoloni, uvumi ulienea nchini Kenya, Uganda na Tanganyika kwamba wazimamoto walikuwa wakiwateka watu usiku na kuwanyonya damu, imani iliyohusishwa pia na mumiani. Mwanahistoria Luise White aliuchunguza uvumi huu katika kitabu chake Speaking with Vampires kilichochapishwa mwaka 2000. Pasipo kuingia katika undani wa mjadala huo, ni wazi kwamba mzimamoto wa enzi hiyo alikuwa mgeni mwenye sare na gari la serikali, na wenyeji hawakumjua nyumbani kwake wala ukoo wake. Mzimamoto wa kujitolea ni kinyume chake kabisa. Yeye ni jirani: ni mkulima, fundi wa magari, mwalimu au mwenye duka. Watu humfungulia mlango usiku wa manane kwa sababu wanamjua. Kwa hivyo, kikosi kama hiki kinapokufa, kijiji hupoteza huduma na hupoteza pia aina fulani ya kuaminiana.

Usuli

Mwaka 1736, Benjamin Franklin na wenzake walianzisha kikosi cha Union Fire Company mjini Philadelphia. Kila mwanachama aliahidi kuwa na ndoo za ngozi za kubebea maji na mifuko ya kuokolea mali, na kukimbilia moto uzukapo. Mfano huo uliigwa na miji mingine, na kwa zaidi ya karne moja moto nchini humo ulizimwa na watu wasiolipwa. Badiliko lilianza mwaka 1853, pale mji wa Cincinnati ulipounda kikosi cha watu wanaolipwa mshahara, wakitumia pampu inayoendeshwa kwa mvuke. Miji mikubwa ilifuata mkondo huo. Mashambani, ambako nyumba ni chache na kodi ni haba, kujitolea kulibaki kuwa njia ya pekee.

Hadi leo hali hiyo haijabadilika sana. Kwa mujibu wa shirika la NFPA, ambalo hukusanya takwimu za moto nchini Marekani, mwaka 2020 kulikuwa na wazimamoto wapatao 1,041,200. Kati yao, 676,900, yaani asilimia 65, walikuwa wa kujitolea. Ikumbukwe kwamba mwaka 1984 wa kujitolea walikuwa 897,750. Idadi ya wananchi imeongezeka tangu wakati huo, ilhali wazimamoto wa kujitolea wamepungua kwa zaidi ya 220,000. Katika jimbo la Pennsylvania, lilikozaliwa wazo lenyewe, inakadiriwa kwamba wazimamoto hao walikuwa 300,000 hivi katika miaka ya sabini. Kufikia mwaka 2018 walikuwa wamebaki takriban 38,000.

Changamoto

Kwanza, kazi imehama kijijini. Zamani mkulima alipokisikia king'ora aliliacha trekta shambani, na mwenye duka akaufunga mlango wake, wote wakakimbilia kituoni. Siku hizi wengi hufanya kazi katika miji iliyo mwendo wa saa nzima kwa gari. Moto ukizuka saa nane mchana, wanaousikia mwito ni wastaafu wachache. Isitoshe, familia nyingi sasa hutegemea mishahara ya watu wawili, hivyo jioni hugawanywa baina ya watoto na kazi ya pili. Vijana nao huenda vyuoni na hawarudi. Katika jamii zenye watu chini ya 2,500, takriban theluthi moja ya wazimamoto wamepita umri wa miaka 50. Mtu wa miaka sitini anaweza kuendesha gari na kupanga mipira ya maji, lakini kupanda ngazi akiwa na mtungi wa hewa mgongoni ni jambo jingine.

Pili, mahitaji ya mafunzo yameongezeka. Katika majimbo mengi, kozi ya msingi ya mzimamoto huzidi saa 100, mbali na mazoezi ya kila wiki na kozi za kemikali hatari, uokoaji na huduma ya kwanza. Mafunzo haya si anasa. Fanicha za kisasa zimejaa plastiki na sponji ambazo huwaka upesi sana, na chumba kinaweza kugeuka tanuri zima kwa muda usiotimia dakika tano. Anayeingia bila ujuzi huenda asitoke. Hapa ndipo palipo na utata: masharti yanayomlinda mzimamoto ndiyo hayo hayo yanayomzuia kijana mwenye kazi mbili asijiunge na kikosi.

Tatu, aina ya miito imebadilika. Jumla ya miito nchini Marekani iliongezeka zaidi ya mara tatu kati ya miaka ya themanini na mwaka 2020. Moto halisi ulikuwa takriban asilimia 4 tu ya miito ya mwaka huo, huku karibu theluthi mbili ikiwa ya matibabu: mzee aliyeanguka bafuni, mtu aliyeshikwa na maumivu ya kifua, kijana aliyezidisha dawa za kulevya. Mtu aliyejiunga akitarajia kuzima moto mara chache kwa mwaka hujikuta akiamshwa mara tatu kwa wiki. Mwajiri huanza kulalamika, nyumbani nako manung'uniko huzuka.

Nne, kuna swala la fedha. Kujitolea hupunguza mishahara, hakuondoi gharama. Mavazi ya kinga ya mtu mmoja hugharimu maelfu ya dola, na kanuni za usalama hutaka yaondolewe baada ya miaka kumi hata kama yanaonekana kuwa mazima. Gari jipya la zimamoto hugharimu mamia ya maelfu ya dola. Vikosi vingi hutafuta fedha hizi kwa kuuza kuku wa kuchoma, kuandaa kifungua kinywa cha chapati za maji, na kuchezesha bingo na bahati nasibu. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyejiunga ili kuokoa maisha hutumia Jumamosi zake akipika. Saa anazotumia kutafuta fedha hutoka katika kibaba kile kile cha muda ambacho mafunzo na miito vinakigombania.

Tano, jiografia yenyewe ni adui. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na gari la mbali haliokoi nyumba. Mashambani hakuna mabomba ya maji ya kando ya barabara, kwa hivyo maji hubebwa. Gari lenye tangi la lita 3,800, likiunganishwa na mpira mmoja unaotoa lita 570 kwa dakika, huishiwa na maji kabla ya dakika saba kutimia. Baada ya hapo ni lazima magari mengine yafanye safari za kwenda na kurudi mtoni au bwawani, na kila gari lahitaji dereva. Kiwango kiitwacho NFPA 1720, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2001, kilitaka vikosi vya mashambani vifikishe watu sita kwenye moto katika muda wa dakika 14, angalau mara nane katika kila kumi. Aidha, kanuni za usalama kazini hutaka watu wawili wasiingie katika jengo linalowaka mpaka wengine wawili wawe nje, tayari kuwaokoa. Kikosi kinachofika na watu watatu hulazimika kuchagua baina ya kuvunja kanuni na kuitazama nyumba ikiteketea.

Mwisho, kuna hatari ya maisha. Tarehe 17 Aprili 2013, ghala la mbolea liliwaka moto katika mji mdogo wa West, jimboni Texas. Wazimamoto wa kujitolea walifika upesi kama ilivyokuwa desturi yao. Muda mfupi baadaye shehena ya amonia naitreti ililipuka. Watu 15 walikufa, na 12 kati yao walikuwa wale waliokwenda kusaidia. Katika mji wenye watu wasiotimia elfu tatu, pigo kama hilo huingia karibu kila nyumba. Mbali na milipuko, mshtuko wa moyo umekuwa chanzo kikuu cha vifo vya wazimamoto kazini kwa miaka mingi, jambo linalozidi kuogofya kikosi kinapozeeka.

Juhudi za kuvinusuru vikosi

Serikali ya Marekani haijakaa kimya. Mpango wa SAFER, ulioidhinishwa na sheria ya mwaka 2003, hutoa ruzuku za kuajiri wazimamoto na kuwavutia wa kujitolea. Baadhi ya majimbo huwapunguzia kodi au kuwawekea akiba ya uzeeni inayokua kwa kadiri ya miaka ya utumishi. Vikosi vingine vimeungana na jirani zao, na vingine huwalipa watu wachache wa zamu ya mchana huku usiku ukiachiwa wa kujitolea. Muungano huo hupunguza gharama, ingawa huwauma wazee walioijenga kwa mikono yao nyumba ya kikosi cha kijiji chao.

Ujerumani inatoa funzo la ziada. Nchi hiyo ina takriban wazimamoto milioni moja wa kujitolea, na watoto hujiunga na vikosi vya vijana mapema. Muhimu zaidi, sheria humruhusu mfanyakazi kuondoka kazini mwito unapotolewa, na mwajiri wa kibinafsi anaweza kudai kutoka kwa serikali ya mtaa mshahara aliolipa kwa saa hizo. Kwa maneno mengine, jamii huununua muda, nayo humwachia mtu atoe moyo wake. Huu ndio ufumbuzi unaogusa kiini cha tatizo, kwa kuwa unatambua kwamba muda wa mtu una mwenyewe, na una bei.

Hitimisho

Imebainika kwamba kikosi cha zimamoto cha kujitolea husimama juu ya nguzo nyingi, na moyo ni mojawapo tu. Nguzo za kazi, muda, ujana na fedha zikianguka, moyo hubebeshwa mzigo wote, nao huchoka. Baraza la kitaifa la wazimamoto wa kujitolea la Marekani, NVFC, limewahi kukadiria kwamba watu hao huziokolea jamii zao takriban dola bilioni 47 kila mwaka. Kinachoitwa bure, basi, kina mlipaji. Mlipaji huyo ni jirani anayeamka saa tisa usiku na kwenda kazini saa moja asubuhi.

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliikabidhi serikali ya kaunti kazi ya kuzima moto. Lakini kaunti ni pana na barabara nyingi za mashambani ni mbovu, na bwenini au nyumbani moto haungoji. Mkasa wa bweni la Endarasha, Kaunti ya Nyeri, ulioua wanafunzi 21 mwezi Septemba mwaka 2024, ulikumbusha taifa jinsi dakika chache zinavyotosha kuleta msiba. Popote pale mashambani wanaofika kwanza ni majirani, wakiwa na ndoo, matawi na mchanga. Kaunti inayotaka kuwageuza majirani hao kuwa kikosi itawahitajia mafunzo, vifaa, bima na fidia ya muda wao. Ikiwapa sifa na methali peke yake, itavuna kile ambacho Pennsylvania imekwisha kukivuna. Kutoa ni moyo, naam. Lakini anayetaka moyo huo udumu sharti autunze mwili unaoubeba.