Ukoko wa Wali

Ni nyumba ngapi zetu ambamo wali ukishika chini ya sufuria, mama hukaripiwa hata machozi yakamtoka mbele ya wanawe? Nasi sote twasoma kwamba Mtume (S.A.W.) hakupata kukitia ila chakula: akikipenda alikila, asipokipenda alikiacha. Ndivyo alivyopokea Abu Hurayra.

Tena ukoko huo, Waajemi huupika kwa makusudi, kwa mafuta na zafarani, wakauita tahdig, yaani chini ya chungu, na mgeni ndiye apewaye kwanza. Watoto wetu, bila ya kufundishwa na Mwajemi yeyote, huugombania! Basi baba akiukuta sahanini, na apige Bismillahi ale; asipoutaka, awaachie hao, ambao wamekwisha nawa mikono.