Ndoo ya mununuzi na ndoo yetu: namna ya kupima ujazo



Wakati wa mavuno, mununuzi anafika kijijini na ndoo yake mwenyewe. Bei ya ndoo moja ya mahindi imekwisha kupatanwa. Mama mumoja anauliza: «Patron, mbona ndoo yako inaonekana kubwa kuliko yetu?» Mununuzi anajibu: «Mama, angalia kimo. Si ziko sawa?»

Ni kweli, kimo ni kimoja. Lakini ndoo yake ni pana zaidi, vidole viwili tu hivi. Watu wanasema si kitu, wanaanza kupima. Katika habari hii tutaona kama ni kitu ao si kitu. Hesabu yenyewe si nguvu. Inaomba metre ya fundi, kalamu na karatasi.

Sheria ni moja tu

Vitu vingi tunavyotumia viko na umbo moja kutoka chini mpaka juu: sanduku, chumba cha depo, shimo la mbolea, pipa. Ukitaka kujua ujazo wake, ni kusema nafasi iliyo ndani, fanya hivi:

Ujazo = eneo la chini × kimo

Fikiri unapanga matofali. Kwanza unahesabu matofali ya safu ya chini, kisha unazidisha kwa hesabu ya safu. Ni vilevile.

Pima vyote kwa kipimo kimoja, usichanganye metre na santimetre. Na ukumbuke: metre moja ya ujazo (1 m³) ni litre 1 000. Litre moja ni santimetre 1 000 za ujazo.

Mahindi katika chumba cha depo

Tuseme mahindi yamepukuchuliwa na kumwagwa katika chumba cha urefu wa metre 3 na upana wa metre 2. Tunayasawazisha juu, tunapima kimo: metre 1,20.

Eneo la chini: 3 × 2 = 6
Ujazo: 6 × 1,20 = 7,2 m³

Metre moja ya ujazo ya mahindi makavu inakaribia kilo 720. Basi 7,2 × 720 = kilo 5 184. Ni karibu mifuko 52 ya kilo 100. Kama kitabu cha depo kinaandika mifuko 60, kamati iko na ulizo la kujibu mbele ya memba wote. Na kama mununuzi anasema «hapa hamuna zaidi ya mifuko 40», muko na jibu, hamutasema kwa kukisia.

Lundo lililoegemea ukuta

Mara ingine mahindi hayakusawazishwa. Yanaegemea ukuta wa nyuma, yanashuka mpaka chini, na pembeni yanazuiwa na kuta mbili. Ukilitazama lundo kwa upande, unaona umbo la pembe tatu. Hapo, eneo la ile pembe tatu ndilo linachukua nafasi ya eneo la chini, na urefu wa ukuta unachukua nafasi ya kimo.

Mufano: kwenye ukuta lundo linafika metre 1, na linaenea chini metre 2 kutoka ukuta. Eneo la pembe tatu ni 2 × 1, kisha gawanya kwa 2: ni 1. Urefu wa ukuta ni metre 4. Ujazo ni 1 × 4 = 4 m³, ni kusema karibu kilo 2 880. Ukisahau kugawanya kwa 2, utahesabu mahindi mara mbili!

Pipa na vitu vya muviringo

Kwa pipa, sheria haibadiliki. Ni eneo la chini tu linalohesabiwa namna ingine, sababu chini ni muviringo. Pima upana kupitia katikati, chukua nusu yake, zidisha hiyo nusu kwa yenyewe, kisha zidisha kwa 3,14.

Pipa la mafuta ambalo watu wanaliita la litre 200 liko na upana wa ndani wa karibu santimetre 57 na kimo cha santimetre 85. Nusu ya upana ni 28,5.

28,5 × 28,5 × 3,14 = karibu 2 550
2 550 × 85 = 216 750, ni kusema karibu litre 217

Likijaa mpaka mudomoni, linabeba karibu kilo 156 za mahindi makavu.

Kama kitu ni kikubwa, hauwezi kufikia katikati yake, zungusha kamba inje yake, pima ile kamba, gawanya kwa 3,14. Utapata upana. Kama ukuta wake ni munene, toa unene wa pande mbili.

Sasa turudi kwenye ndoo

Tuseme ndoo yetu iko na upana wa santimetre 20 na kimo cha santimetre 16. Ya mununuzi iko na upana wa 22, kimo kilekile.

Yetu: 10 × 10 × 3,14 × 16 = 5 024, karibu litre 5
Yake: 11 × 11 × 3,14 × 16 = 6 079, karibu litre 6

Umeona? Sababu yake ni hii: kimo kinaingia katika hesabu mara moja, lakini upana unaingia mara mbili. Ukiongeza kimo mara mbili, ujazo unakuwa mara mbili. Ukiongeza upana mara mbili, ujazo unakuwa mara ine. Kwa hiyo macho yanadanganyika kwa upesi.

Mukulima akipima ndoo 20 za mununuzi, ametoa ndoo 24 zetu na kidogo juu, lakini amelipwa 20. Ni karibu kilo 15 za mahindi zimeenda bure. Na hapo bado hatujahesabu kile kilima wanachoacha juu ya ndoo!

Mambo ya kufanya mbele ya kuuza

1. Pimeni ndoo ya mununuzi kwa maji, chupa ya litre moja moja, mbele ya watu wote. Kama ndoo ni nyembamba chini na pana juu, maji yanasema kweli kuliko hesabu.

2. Pataneni bei kwa kilo, ao kwa ndoo ya koperative.

3. Futeni juu ya ndoo kwa kijiti kilichonyooka. Hakuna kilima.

4. Tafuteni uzito wa mavuno yenu wenyewe, sababu mahindi mabichi na makavu hayalingane, na maharagi ni mazito zaidi. Jazeni ndoo ya litre 10 kamili, muipime kwa kilo, mutoe uzito wa ndoo tupu, muzidishe kwa 100. Hiyo ndiyo kilo za metre moja ya ujazo.

Andikeni hesabu kwenye ubao wa depo, kila memba aione. Na watoto wenu wa shule waitwe kusaidia: hii hesabu wanaijua, sasa wataona kazi yake.