Safari ya baiskeli ya siku nyingi: Afya hulindwa baada ya kushuka



Misafara ya baiskeli inayofanyika kila mwaka imeanza kuwavuta vijana wetu, na wapo wazazi wanaouliza kama ni salama kumruhusu mtoto wao aendeshe baiskeli siku saba au kumi na nne mfululizo. Hapa nyumbani watu wamekuwa wakitoka Dar es Salaam hadi Butiama, mkoani Mara, katika msafara wa Twende Butiama, kumkumbuka Mwalimu Nyerere aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999. Hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Wakazi wa Arusha, Dodoma, Iringa na Mbeya nao wamewahi kuwaona wageni wa Tour d'Afrique, msafara ulioanza mwaka 2003, unaotoka Cairo hadi Cape Town kwa muda wa miezi minne hivi. Huko Marekani, katika jimbo la Iowa, kuna RAGBRAI iliyoanza mwaka 1973. Maelfu ya watu huvuka jimbo zima kwa siku saba, wastani wa kilomita 750, kutoka mto Missouri hadi mto Mississippi.

Jibu la swali la wazazi ni hili: kwa mtu mwenye afya aliyejiandaa, ni salama na ni zoezi zuri la moyo. Lakini ieleweke kuwa kinachomtoa mtu njiani mara nyingi si miguu kuchoka. Ni kuharisha, vidonda vya makalio, upungufu wa maji, na kulazimisha kwenda wakati mwili umekataa. Na mambo hayo kwa kiasi kikubwa huamuliwa katika saa chache baina ya kushuka kwenye baiskeli na kulala.

Deni la mwili

Mtu anayeendesha siku moja anaweza kukosea na asidhurike. Akinywa maji kidogo, atakunywa zaidi akifika nyumbani. Akichubuka, atapumzika siku tatu. Katika msafara hakuna siku hizo tatu. Mchubuko wa leo utakaliwa tena kesho kwa saa sita. Maji yaliyopungua leo yataongezwa na ya kesho, na usingizi uliokosekana vivyo hivyo. Hili ni deni, na mwili hulidai kwa pamoja. Ndiyo maana utamwona kijana mwenye nguvu aliyewapita wote siku ya kwanza, siku ya nne yumo ndani ya gari anatapika, wakati mzee wa taratibu bado anaendelea.

Umri peke yake si kizuizi. Katika safari ya kwanza ya Iowa, mwaka 1973, mzee wa miaka 83 aitwaye Clarence Pickard alimaliza njia yote juu ya baiskeli ya kike, kwenye joto kali, akiwa amevaa suruali, shati na nguo ndefu za ndani. Hakushindana na mtu. Alikwenda kwa mwendo wake mpaka akafika.

Nani apimwe kwanza

Kabla ya kujiandikisha, fika kituo cha afya upimwe shinikizo la damu, sukari na wingi wa damu. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asiende bila kupanga dozi na daktari wake, kwa sababu mazoezi ya muda mrefu hushusha sukari, na inaweza kushuka hata usiku akiwa amelala. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta mfukoni, si kwenye begi lililo ndani ya gari. Mwenye selimundu, mwenye kifafa, mwenye maradhi ya moyo na mjamzito wasianze kabla ya kuzungumza na daktari. Mtu yeyote anayepata maumivu ya kifua au kuzimia wakati wa mazoezi asiende kabisa mpaka achunguzwe.

Baada ya hapo fanya mazoezi kwa wiki nane hadi kumi na mbili, ukiongeza umbali kidogo kidogo. La muhimu kuliko yote ni kuendesha siku mbili mfululizo kila mwisho wa wiki. Siku hiyo ya pili ndiyo itakayokuonyesha makalio, mikono na mgongo wako vitasemaje huko safarini.

Usafi wa makalio na tupu

Hapa watu huona haya kuuliza, na kwa haya hiyo wengi huumia. Jasho, msuguano na joto la siti huchubua ngozi ya makalio na mapaja. Vijidudu huingia kwenye vishimo vya vinyweleo, kikatokea kipele, kisha jipu. Mtu mwenye jipu mahali hapo hawezi kukaa, seuze kuendesha baiskeli.

Kinga yake ni usafi tuliofundishwa tangu chuoni. Ukifika tu, kabla ya kupiga soga na kabla ya kulala chini, vua nguo ulizoendeshea. Osha sehemu hizo kwa maji safi na sabuni isiyo kali, kausha vizuri kwa taulo lako mwenyewe, vaa nguo pana na kavu. Ukiistinji uwe mwangalifu zaidi kuliko siku nyingine, maana najisi kidogo ikibaki juu ya mchubuko ni chanzo cha usaha. Nguo ya kuendeshea ifuliwe kila siku na ikauke juani. Uwe nazo mbili au tatu. Bukta yenye sifongo huvaliwa bila chupi ndani yake, kwa sababu mishono ya chupi ndiyo inayokwangua. Paka Vaselini kidogo mahali panaposuguana kabla ya kuanza.

Bukta hizo hubana na huonyesha maungo, lakini hilo lisikuzuie. Vaa suruali pana nyepesi juu yake, uifunge kifundoni isiingie kwenye cheni. Kwa akina dada, kanzu fupi inayofika magotini juu ya suruali ni salama kuliko baibui refu au kanga, ambavyo vikinaswa kwenye gurudumu humwangusha mtu. Mtandio uwe mwembamba, usio na pini, ili helmeti ikae sawasawa juu yake.

Ukihisi ganzi kwenye tupu, usivumilie. Ni mishipa ya fahamu inayobanwa. Simama juu ya pedeli kila baada ya dakika kumi au kumi na tano, na urekebishe siti: isielekee juu, wala isiwe ndefu hata nyonga zikayumba huku na huku. Ganzi ya kidole kidogo na cha pembeni yake inatokana na kuegemea usukani. Badilisha mshiko mara kwa mara na uvae glavu.

Mikono, chupa na chakula

Kambi ya watu wengi wanaokula pamoja ni mahali pepesi pa kuambukizana kuharisha. Mikono ya mpanda baiskeli ina grisi, jasho na kamasi aliyofuta njiani. Ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kula na baada ya choo. Kuchovya mikono yote katika beseni moja ni kugawana vijidudu. Ndoo yenye bomba ifungwe penye chakula, na msimamizi asimgawie mtu sahani kabla hajanawa.

Jambo wengi wasiloliwaza ni mdomo wa chupa ya maji. Chupa hukaa kwenye fremu, karibu na gurudumu la mbele. Ukipita mahali palipopita ng'ombe, samadi na tope hurukia pale pale utakapoweka midomo yako. Chagua chupa yenye kifuniko, uimwagie maji mdomo wake kabla ya kunywa, na kila jioni uioshe kwa sabuni na maji ya moto. Usiazime chupa ya mwenzako. Maji yawe yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa. Chakula kiwe cha moto, na matunda uyamenye mwenyewe.

Ukiharisha, anza maji ya ORS mara moja: pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi. Siku hiyo panda gari. Kuharisha huku unatoka jasho juani ni kupoteza maji kwa milango miwili. Ukiona damu kwenye choo, au homa, au unashindwa kunywa kwa sababu ya kutapika, nenda kituo cha afya.

Mkifika karibu na ziwa au bwawa, msijitose kuoga kwa sababu ya joto. Maji hayo yanaweza kuwa na kichocho, na kichocho hupenya kwenye ngozi nzima bila jeraha.

Maji yana kiasi chake

Maji kidogo hudhuru, na maji mengi mno pia hudhuru. Anayekunywa lita kwa lita za maji matupu siku nzima bila chumvi anaweza kuishusha chumvi ya damu mpaka akachanganyikiwa na kupata degedege. Kunywa unapohisi kiu, kidogo kidogo. Kwa wengi nusu lita kwa saa hutosha, na jua likiwa kali huongezeka. Kula vitu vyenye chumvi. Mkojo ndio kipimo chako: ukiwa wa njano hafifu uko sawa, ukiwa wa njano iliyokolea umepungukiwa. Ukiwa mweusi kama chai ya rangi au soda ya kola, simama. Hiyo inaweza kuwa dalili ya misuli kuharibika na figo kuingia hatarini.

Hapa nina onyo kuhusu diklofenaki na dawa za jamii yake, ambazo watu huzimeza kama karanga ili waendelee. Mtu aliyepungukiwa na maji akizitumia siku baada ya siku anaweza kuharibu figo zake. Maumivu yasiyovumilika bila vidonge ni taarifa kwamba upumzike.

Mwenzenu akiacha kutoka maneno yanayoeleweka, akayumba, mwili ukawa wa moto sana, hilo ni joto kali lililompanda, na ni la dharura. Mpelekeni kivulini, mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mwili mzima na mpepee wakati gari la kumpeleka hospitali linatafutwa. Msimnyweshe kitu kama hana fahamu.

Usiku na ibada

Misiuli hujijenga usingizini. Kula ndani ya saa moja baada ya kufika: wali au ugali, na maharage, samaki au mayai. Lala mapema baada ya Isha, ndani ya chandarua chenye dawa. Homa ikija, usiseme ni uchovu tu, wala usinunue dawa ya malaria kwa kukisia. Pima kwanza.

Baada ya kutawadha kausha katikati ya vidole vya miguu kabla ya kuvaa soksi, kwa sababu unyevu uliofungiwa ndani ya kiatu huleta fangasi. Mwenye kidonda kinachodhurika kwa maji anayo ruhusa ya kutayamamu, na msafiri anayo ruhusa ya kupunguza Swala na kutofunga akalipa baadaye. Ufafanuzi wa masharti yake muulize sheikh wako. Mimi kama tabibu nasema tu kwamba kuendesha kilomita 100 juani bila kunywa ni hatari, na ruhusa zimewekwa ili zitumike.

Barabarani

Vaa helmeti na uifunge kamba. Nendeni mstari mmoja upande wa kushoto, msiendeshe usiku, msizibe masikio kwa muziki, na vaeni nguo zinazong'aa. Aliyeanguka akagonga kichwa, hata akisema mzima, asiendelee siku hiyo. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida au kichwa kikimuuma kwa kuzidi, ahimizwe hospitali.

Amiri wa msafara

Katika Tour d'Afrique wapo wanaojivunia kuendesha kila kipande cha njia, bila kupanda gari hata mara moja. Si vibaya kuwa na nia hiyo, lakini fahari ya namna hii ndiyo inayomfanya mgonjwa afiche homa yake. Waislamu tumefundishwa kwamba watu watatu wakisafiri, wamteue mmoja wao kuwa amiri. Basi msafara wenu uwe na amiri mwenye mamlaka ya kumwambia mtu: leo wewe panda gari. Na wote muafikiane kabla ya kuondoka kwamba akisema hivyo, hakuna ubishi wala kuchekana.

Kwa mzazi anayetaka kuruhusu, maswali ya kuwauliza waandaaji ni haya. Gari la kubeba wagonjwa lipo? Nani ana mafunzo ya huduma ya kwanza? Maji ya kunywa yanatoka wapi? Nani ndiye amiri, na je, vijana wanamtii? Majibu yakiwa mazuri, muombee kijana wako safari njema, na umfungie kwenye begi sabuni, taulo lake na pakiti kadhaa za ORS.

Wabillahi tawfiq.