Bikira na Mubikira: Asili ya Jina la Heshima la Watawa wa Kike

Mtawa wa Kikatoliki apitaye Itebero, kwenye barabara itokayo Bukavu kupitia Hombo hadi Walikale, huweza kuitwa kwa majina kadhaa kabla jua halijatua. Msemaji wa Kiswahili atamwita sista au mama. Aliyesomea Kifaransa atamwita ma sœur. Naye atokaye upande wa Masisi, ambako Kinyarwanda husemwa sambamba na Kihunde, huenda akamwita mubikira. Sista na ma sœur ni majina ya udugu, na mama ni jina la uzazi. Hili la mwisho peke yake laonekana kutaja hali ya mwili wa mwanamke. Je, ndivyo lilivyo? Swali hili si la wanaisimu peke yao, kama itakavyodhihirika.

Neno bikira limetokana na Kiarabu bikr. Mzizi wake, b-k-r, una maana pana kuliko ile tuliyoizoea: hutaja jambo la mwanzo, la mapema, lisilotanguliwa na jingine. Kutokana nao Waarabu wamepata bukra, yaani asubuhi na mapema. Bakura, yaani tunda la kwanza la msimu. Na bikr yenyewe, ambayo humtaja mzaliwa wa kwanza na pia mwanamwali. Hata jina Bakari, kwa njia ya Abu Bakr, ni la ukoo huohuo, kwani bakr ni ngamia mchanga. Kiswahili hakikuchukua utajiri huo wote. Kilichukua maana ya mwanamwali tu, kikatohoa pia kitenzi kubikiri, na kwa hiyo neno likabanwa katika mwili. Jambo la kustaajabisha ni kwamba Wakristo wa nchi za Kiarabu wenyewe kwa kawaida humwita mama wa Yesu al-Adhraa. Bikira Maria, kama jina, ni zao la Kiswahili.

Pwani ilikuwa na maneno mengine. Mwali, neno la Kibantu, humtaja msichana aliyevunja ungo na kuwekwa ndani afundwe. Mtawa alikuwa mtu akaaye ndani kwa kujisitiri na kumcha Mungu, na hasa mwanamke. Heshima yake ilitokana na mwenendo wake. Neno hili lilikuwa la Waislamu wa pwani kabla Wakristo hawajalichukua kwa ajili ya masista na mabruda. Tafsiri ya Biblia ya Union ya 1952 yaonyesha jinsi kazi ilivyogawanywa: katika Injili ya Mathayo, mama wa Yesu ni bikira, lakini wale kumi wenye taa ni wanawali.

Neno lilipopanda bara lilibadilika tabia. Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la Mapadri Weupe, walifika Buganda mwaka 1879, na mwaka 1900 wakaanzisha misheni ya Save nchini Rwanda, wakifuatana na Waganda waliowasaidia. Uganda shirika la Bannabikira lilianzishwa mwaka 1910, na Rwanda shirika la Benebikira mwaka 1919. Majina haya yastahili kuchambuliwa polepole. Banna na bene, kila moja katika lugha yake, huwataja wana au watu wa fulani. Basi Bannabikira ni wana wa Bikira, na Benebikira vivyo hivyo. Katika majina yote mawili Bikira ni Maria. Watawa hutajwa kwa uhusiano wao naye, na miili yao haisemwi.

Tena, lugha hizo hazikuwa na haja ya kuazima neno la kutaja hali ya mwili. Kinyarwanda kilikuwa na isugi, na Kiganda kilikuwa na embeerera, nayo yangali yakitumika. Bikira liliingia likiwa jina la dini tangu mwanzo. Kisha likapachikwa viambishi vya ngeli ya watu, likawa umubikira na ababikira kwa Kinyarwanda, omubiikira kwa Kiganda. Kiambishi hicho kidogo ndicho kiini cha hoja: bikira ni hali, mubikira ni mtu wa Bikira. Ndiyo maana mjane aliyeingia utawani huitwa umubikira bila ya mtu kuona kasoro.

Tatizo huzuka neno linaporudi katika Kiswahili, kama litokeapo Walikale. Mswahili asikiaye mubikira husikia bikira ndani yake, na maana ya mwili hurejea. Aidha, Kanisa lenyewe huunga mkono usikivu huo: Anuarite Nengapeta, mtawa wa shirika la Jamaa Takatifu, aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 akimpinga afisa wa Simba aliyetaka kumchukua kwa nguvu, na tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri akiwa bikira na shahidi. Lakini mwaka 2010, kati ya Julai 30 na Agosti 2, watu wasiopungua 387 walibakwa katika vijiji 13 vya Walikale, Luvungi kikiwa kimojawapo. Msichana wa huko akiyafahamu majina haya kwa maana ya mwili, aweza kudhani kwamba mlango wa utawa umefungwa mbele yake kwa kosa la mtu mwingine.

Mtakatifu Augustino alilijibu swali hilo mapema. Baada ya Roma kutekwa mwaka 410, aliandika katika kitabu cha kwanza cha Mji wa Mungu kwamba usafi ni wa nia, na ukatili wa mwingine hauuondoi. Maelekezo ya Vatikani ya mwaka 2018 kuhusu mabikira waliowekwa wakfu nayo yanakataa kuufanya mwili kuwa sharti lisiloepukika.

Kwa hiyo mtungaji wa kamusi ya Kiswahili cha Kongo ya mashariki atafanya vema kuliingiza mubikira, wingi babikira, kama kidahizo chenye maana yake, badala ya kuliweka chini ya bikira kana kwamba ni umbo lake lililoharibika.