Siku arobaini katika bustani ya mke wangu

Mwezi wa Januari binti yetu alijifungua salama huko Malindi, na kama ilivyo ada ya watu wa pwani, mama yake alifunga safari kutoka Mombasa kwenda kumlea mzazi hadi atimize arobaini yake. Alipokuwa akikunja nguo zake aliniachia maagizo matatu: watoto wasikose chuo, mlango wa uani ufungwe kila usiku, na bustani inywe maji asubuhi na jioni. Nikamjibu kwa wepesi wa mtu asiyejua anachokiahidi, "Nenda kwa amani, bustani ni yetu sote." Alinitazama kidogo, akajifunga buibui lake, akaondoka.

Wasomaji wangu wa kike bila shaka wamekwisha tabasamu.

Mimi ni mtu wa kusomesha. Mara nyingi nimekaa mbele ya watu nikieleza Hadithi iliyopokewa na Anas bin Malik (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, binadamu au mnyama, huandikiwa sadaka. Nimeisherehesha vizuri na watu wameitikia. Lakini kwa miaka yote hiyo sikupata kujiuliza ni nani aliyekuwa akipanda nyumbani mwangu. Fungu langu katika ule mchicha lilikuwa ni kuula.

Ua wetu ni mdogo, hatua kumi na mbili kwa nane. Chini ni mawe ya matumbawe yaliyofunikwa na mchanga mwepesi, hata ukipiga jembe wasikia mlio wa chuma juu ya jiwe kabla hujainama sawasawa. Kwa sababu hiyo mimea mingi imo vyomboni: mchicha na mnavu katika beseni zilizopasuka, bamia katika ndoo za rangi, pilipili na dania katika madebe, mrehani mlangoni, na asumini iliyotambaa ukutani. Kilichopandwa ardhini ni mkomamanga na mndimu. Mndimu huo mke wangu aliupanda mwaka aliozaliwa binti yetu huyuhuyu aliyejifungua, katika shimo ambalo fundi alilivunja kwa sururu muda wa siku mbili. Alipokuwa Malindi alinipigia simu kila jioni, na aghalabu aliuuliza mndimu kabla ya kuniuliza mimi.

Siku ya kwanza nilihesabu. Mtungi wa lita 20 kwa vyombo vya mchicha, mwingine kwa bamia na pilipili, mwingine kwa miti miwili. Mitatu alfajiri baada ya swala, mitatu baada ya alasiri. Hiyo ni lita 120 kwa siku. Ukizidisha kwa siku arobaini ni lita 4,800, na kwa kuwa lita ya maji ni kilo moja, basi ni karibu tani tano zilizobebwa kwa mkono kutoka tangini hadi uani. Nilipoiandika hesabu hiyo pembeni mwa daftari langu la darsa nilikaa nikiitazama. Siku ya nne mgongo ulikataa kurukuu vizuri.

Na hayo ni pale maji yanapokuwapo. Sisi watu wa Mombasa maji yetu matamu husafiri kutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere katika milima ya Shimba, na Tiwi. Mahali pengi mfereji hautoi kila siku, na msimu wa kaskazi, jua linapokuwa kali na mvua za vuli zimekwisha, ndipo kila mtu anapoyataka zaidi. Wiki ya pili mfereji ulikauka siku tisa. Tangi likashuka, nami nikaona nimepata hila: kisima cha jirani kina maji tele. Nikayateka na kuyamwaga kote bila kubagua, mengine nikiyarusha juu ya majani ili mimea "ipoe".

Kisima hicho ni cha maji ya chumvi, kama visima vingi karibu na bahari, na chumvi huzidi kaskazi kwa kuwa maji matamu ya mvua yamepungua ardhini. Mkomamanga haukujali. Spinachi ya jirani yangu hunyweshwa maji hayohayo na hustawi, na mnazi ndio kabisa. Lakini mndimu ni mti mwororo katika jambo hili, sawa na maharage na vitunguu. Baada ya siku sita ncha za majani yake zikawa za kahawia kama zilizounguzwa kwa kaa, kisha yakaanza kudondoka. Mzee mmoja akanishauri nitie jivu shinani, nami nikatia. Kosa juu ya kosa, kwani udongo wetu wa matumbawe una chokaa nyingi tayari, na jivu huongeza hali ileile. Majani yaliyosalia yakafanya umanjano huku mishipa yake imebaki kijani.

Mke wangu aliponiuliza kwenye simu, nilimwambia mndimu hujambo. Nilisema hivyo mimi, niliyekuwa nimesomesha mlango wa ukweli na uongo wiki hiyohiyo. Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nikampigia nikamwambia kweli. Akanyamaza. Kisha akasema, "Maalim, koma kuupa maji ya kisima. Ondoa jivu lote na mchanga wa juu. Maji matamu yakija, yamwage mengi kwa mara moja shinani, yaisukume chumvi chini. Halafu funika." Hakuongeza neno.

Kufunika ndiyo elimu iliyoniokoa. Mchanga haushiki maji. Unayamwaga, unageuka, yameshazama. Nikachukua makuti makavu nikayachanachana, nikayatandaza kuzunguka miti. Kwenye vyombo nikatia makumbi ya nazi yaliyolowekwa chini kabisa, kisha udongo juu yake. Kabla ya wiki kwisha mitungi sita ikawa minne.

Ya pili ilikuwa ni maji ya udhu. Katika madhehebu yetu ya Shafi maji machache yaliyokwisha kutumika katika udhu wa faradhi ni tohara, ila hayatoharishi tena, na hakuna kizuizi cha kuyamwagia mimea. Nikaweka beseni chini ya mahali tunapotawadha, nikapima. Mwanangu wa kiume, akiuacha mfereji wazi, alimaliza zaidi ya lita 8 kwa udhu mmoja! Nikamrudishia birika, nikamkumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita. Akanijibu, "Baba, tukipunguza maji ya udhu, mndimu utakunywa nini?" Suala zuri. Jibu ni kwamba yanayosalia tangini nayo ni ya mndimu. Hata hivyo watu watano, nyakati tano, walijaza mtungi mzima na zaidi kila siku, nami nikachimba mfereji mdogo wa ardhini kutoka mahali pa kutawadhia hadi kwenye mti ili beseni lisibebwe tena.

Niseme hapa jambo ambalo baadhi ya wanaume wenzangu hawatalipenda. Wanazuoni wa madhehebu yetu wameandika wazi kwamba kupika, kufua na kazi kama hizo za nyumba si wajibu uliomo katika mkataba wa ndoa kwa mke. Akizifanya, ni hisani yake. Nimeisoma mas-ala hiyo tangu ujana wangu, nikaisomesha, na hapana siku niliyoipima kwa mitungi. Na Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wake, na ukifika wakati wa swala hutoka. Nilikuwa nimeikamata vizuri sehemu ile ya kutoka.

Usiku wa ishirini na saba nilirudi kutoka msikitini nimechoka, nikasahau agizo la pili. Alfajiri nikawakuta uani mbuzi watatu. Mchicha wote umekatwa sawa na ardhi, bamia zimevunjwa, mrehani haupo. Jirani mwenye mbuzi akaja mbio, uso umemshuka. "Shikamoo, Maalim. Niambie nikulipe nini."

Jambo hili ni la kale. Katika Suratul Anbiyaa imetajwa hukumu ya Nabii Daud na Nabii Suleiman (A.S.) juu ya kondoo walioingia usiku katika shamba la watu. Na hukumu inayojulikana ni kwamba mchana mwenye shamba ndiye wa kulinda shamba lake, na usiku mwenye mnyama ndiye wa kumzuia mnyama wake. Basi kilichoharibiwa usiku hudhaminiwa na mwenye mnyama. Jirani alikuwa tayari kulipa kwa hukumu hiyo. Lakini Imamu Nawawi katika Minhaj ameeleza kwamba mimea ikiwa ndani ya ua wenye mlango, na mwenyewe akauacha wazi, basi dhamana humwondokea mwenye mnyama kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Nikamwambia jirani, "Wewe huna deni. Mwenye deni ni mimi." Maana mlango niliuacha mimi, na bustani haikuwa yangu. Mbegu zile mke wangu alizinunua kwa pesa zake za mishono.

Jirani hakukubali kuondoka mkono mtupu. Jioni alileta magunia matatu ya samadi. Nayapokea kama hiba, kwa kuwa kwetu Mashafi mavi ya mnyama ni najisi na hayauziki. Wanaotoa pesa hulipia ubebaji, na mwenye nayo huondoa mkono wake. Nyinyi akina mama huniuliza sana: je, mboga iliyooteshwa kwa samadi yaliwa? Yaliwa. Kilichoota ni tohara, na palipoguswa na samadi pataoshwa. Ila msiitie ikiwa mbichi, huunguza mizizi. Irundikeni, ifunikeni, muiache miezi miwili au mitatu hadi isinuke.

Nikanunua mbegu, nikaanza upya. Mchicha ni mwepesi wa huruma, siku ya tatu ukachomoza. Kunguru wakang'oa miche kwa mchezo tu, wala hawaili. Nikaifunika kwa kipande cha chandarua kikuukuu. Vidukari vikaja kwenye pilipili. Nikatwanga majani ya mwarubaini, ambao wazee wetu huuita mkilifi, nikayaloweka usiku kucha, nikachuja, nikatia sabuni kidogo na kunyunyiza jioni chini ya majani, ambako ndiko vinakojificha. Bamia sikuzirudisha katika ndoo zilezile. Nilipozing'oa nilikuta mizizi ina vinundu, kazi ya vijinyoo vya ardhini. Udongo huo nimeutandaza juani, na nyanya pia hazitapandwa humo karibuni.

Mke wangu alirejea baada ya arobaini, ana furaha ya mjukuu na uchovu wa safari. Hakuvua buibui. Alipita moja kwa moja hadi uani, akatazama mchicha mfupi wa wiki mbili, akatazama madebe matupu, akafika kwenye mndimu uliobaki nusu ya majani yake. Akakwaruza gome la tawi kwa ukucha. Ndani palikuwa kijani.

"Bado mzima," akasema.

Nikamweleza habari za mbuzi, nikamkabidhi pesa za mbegu na za mboga iliyopotea, akazihesabu na kuzifunga kwenye pindo la leso. Kisha akauona mfereji niliouchimba. Akaufuata kwa macho hadi shinani, akainama.

"Huu umeugusisha na shina. Maji yakilala hapa gome litaoza. Usogeze, uuzunguke mti kwa mbali, kiasi cha dhiraa."

Kesho yake baada ya swala ya alfajiri nilichukua jembe nikausogeza. Mitungi minne iliyobaki tumegawana: miwili ya asubuhi ni yangu.